Gitaa la Funguo za Dhahabu

Kutoka Shinyanga, gari lolote

Alhamisi asubuhi niliondoka nyumbani na gitaa, mswaki na shati moja, nikaelekea stendi bila kujua nitapanda gari la wapi. Mnaonifahamu hamtashangaa. Tangu nilipoacha shule darasa la sita nimeondoka hivyo mara nyingi. Tofauti ni kwamba safari hii sikuwa nakwenda kushangaa miji ya watu. Nilikuwa nampeleka mgonjwa hospitali, na hospitali yenyewe siijui iko wapi.

Kila ninayekutana naye mtaani ananiuliza ilikuwaje, na nimechoka kusimulia nusu nusu. Haya, someni.

Gitaa lilikuwa la kwaya ya kigango chetu, ambayo haina kinanda. Wanakwaya walichanga, wakamkabidhi Mwalimu Shija, anayewafundisha nyimbo, mchango wao akanunue Kahama, yeye mwenyewe, kwa macho yake. Siku ya kwenda, malaria ikamlaza. Akanituma mimi kimya kimya, kwa kuwa nilishawahi kupiga gitaa kwenye baa moja ya Isaka na nikajiita mjuzi. Nilirudi na gitaa jekundu linalong'aa kama tufaha, na kule juu ya shingo lina funguo sita za kukazia nyuzi, rangi ya dhahabu tupu. Akina mama walipiga vigelegele. Shija akapongezwa kwa kuchagua vizuri. Yeye akanyamaza, na mimi nikanyamaza zaidi.

Kabla masika hayajarudi, gitaa lilikuwa limeshazeeka. Ukikaza uzi wa kwanza, ukifika wa tano, ule wa kwanza umelegea. Shingo ilipinda mpaka nyuzi zikakaa juu kama kamba za kuanikia nguo. Vichuma vya shingoni vikatokeza pembeni na kumkata Shija vidole. Na kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi tumboni kikaanza kunyanyuka kama ukucha uliogongwa na jembe.

Jumapili ya wiki hiyo tulikuwa tumealikwa Chato kwenye jubilei ya parokia. Mwenyekiti wa kwaya, Mama Anastazia, akasema mbele ya wote kwamba gitaa likituaibisha Chato, Shija awapishe wengine wafundishe, maana mtu aliyekula nusu ya mchango na kununua takataka hafai kusimama mbele ya watu. Shija hana mke, hana ng'ombe. Ana kwaya.

Jumatano jioni alikuja kwangu akaliegemeza gitaa mlangoni.

"Maduhu, mimi sitakutaja," akasema. "Ila hili nakukabidhi. Jumamosi jioni sisi tuko Chato. Njoo nalo likiwa zima, au usije."

Bora angenitukana.

Stendi, gari la kwanza kuwasha moto lilikuwa la Kahama. Nikapanda. Kondakta akataka gitaa liende kwenye buti pamoja na magunia ya vitunguu.

"Hili ni gitaa," nikamwambia.

"Gitaa si mtu, halikai kwenye siti."

Nikalipakata. Tulipofika Tinde, dereva akashuka "dakika mbili tu" kunywa supu, akanywa mpaka akaongeza chapati. Mama mmoja wa siti ya nyuma akaniinamia kwa heshima. "Mtumishi, tupigie basi wimbo mmoja tukingoja." Kumbe mtu mwenye gitaa ndani ya basi ni mwinjilisti. Nikapiga. Ubeti wa pili, uzi wa tatu ukashuka wenyewe kama umechoka. Mama akasikiliza hadi mwisho, akanipigapiga begani. "Usikate tamaa, Mtumishi. Naona ndiyo kwanza umeanza huduma."

Kahama, kwa Baba Zuwena

Njia nzima nilipanga maneno ya kumwambia mwenye duka. Baba Zuwena anauza spika, majiko ya gesi, vyerehani na magitaa, na ana sauti ya mtu ambaye hajawahi kuharakishwa.

"Shikamoo, Baba Zuwena."

"Marahaba, kijana. Naona umelileta lisalimie nyumbani."

"Uliniuzia kuni."

"Kuni zinawaka," akasema, akaligonga tumbo kwa kidole. "Hili ni mbao za kubandikwa, gundi nyingi kuliko mti. Halitaivisha hata chai."

Ukimkasirikia mtu, halafu yeye akasema ubaya wa bidhaa yake kuliko unavyousema wewe, hasira inakosa pa kukaa. Akanivutia kiti. Kisha akaangua ukutani gitaa jingine, jeusi, lisilong'aa, funguo zake za kijivu.

"Unalikumbuka hili?"

Nikalikumbuka, na masikio yakaniwaka moto.

"Siku ile nilikushushia yote mawili. Nikakwambia hili jeusi limepunguziwa bei kwa sababu halitoki. Ukasema linafanana na jeneza."

"Kwani si ya viwanda tofauti?"

"Kiwanda kimoja! Nilikwenda mwenyewe Uchina, nikaketi ofisini kwao, nikapewa chai isiyo na sukari. Dada mmoja ana karatasi, ananiuliza kupitia mkalimani. Mbao zikaushwe muda gani? Mimi maisha yangu yote sijaulizwa swali hilo. Nikasema, zile za bei ya chini. Funguo za chuma gani? Nikasema, zinazong'aa. Kila gitaa likaguliwe kabla ya kufungwa? Nikauliza, kukagua ni bure? Akasema si bure. Nikasema, acha, yakaguliwe Kahama." Akacheka peke yake. "Haya meusi waliniongezea machache, ndivyo wanavyowatengenezea watu wengine wanaojua kujibu maswali. Watu huku wanasema mzungu huyu, mchina yule, katuletea feki. Hakuna aliyetuletea. Niliagiza mimi, ukachagua wewe."

"Basi nibadilishie, nipe hilo jeusi. Nitaongeza."

"Hili ni la mwalimu mmoja wa shule, ameshalilipia, kesho analifuata."

Nilibembeleza, nikakasirika, nikabembeleza tena. Nikamweleza habari ya Shija. Akasikitika kweli, akaniagizia wali na maharage, na gitaa jeusi akalirudisha ukutani. Mwisho akanipa jina: Fundi Bonifasi wa Ushirombo, seremala aliyejifunza kazi misheni, mtu wa kurekebisha chochote chenye mbao.

Gari la Ushirombo lilikuwa linaondoka "sasa hivi". Hiyo sasa hivi ilidumu saa mbili na nusu.

Ushirombo, kutazama gundi ikikauka

Fundi Bonifasi nilimkuta jioni anafagia maranda ya mbao. Ni mwembamba, penseli sikioni, na ana tabia ya kuongea na mbao kabla ya kuongea na mwenye nazo. Aliligeuza gitaa, akalinusa ndani ya tundu, akapitisha kucha kwenye shingo.

"Huyu walimkata jana, leo wakampaka rangi," akasema. "Hakupumzishwa."

"Limetoka Uchina."

"Sijauliza limetoka wapi. Nasema hakupumzishwa. Huko kwao kuna unyevu, ubao umeshiba maji. Ukaja Shinyanga, kiangazi hiki, ubao ukasinyaa. Chuma hakisinyai. Ndiyo maana vichuma vimetokeza, vinakata watu."

Nikaanza kulaumu viwanda vya ng'ambo. Akanikatiza akinionyesha meza iliyokuwa inangoja mteja. "Unaiona hii? Mbao mbichi. Mwenyewe anamwoza binti yake Jumamosi, akasema nifanye haraka na bei ipungue. Baada ya Krismasi itapasuka, nilimwambia. Akasema Krismasi ni mbali." Akachukua tupa. "Leta taa hapa."

Akasaga ncha za vichuma moja moja. Asubuhi ya Ijumaa akakwangua gundi ya zamani tumboni, akatia yake, akalifunga gitaa zima kwa mipira ya baiskeli iliyokatwa vipande. Shingo akaibana kwenye ubao ulionyooka na kuipasha kwa pasi ya mkaa, taratibu, kama anapiga pasi kola ya padri. Kisha akasema lisiguswe hadi alfajiri ya kesho yake.

"Kesho ni Jumamosi, Fundi! Jioni natakiwa Chato."

"Gundi haijui jubilei."

Basi Ijumaa nzima nilikaa kwenye benchi nikitazama gundi. Jaribuni siku moja. Wapita njia walisimama, wakaliona limefungwa mipira kila upande, wakanipa pole. Mzee mmoja akauliza kama limevunjika mfupa. Habari za mwinjilisti zilikuwa zimeshafika, sijui kwa njia gani, labda yule mama wa basini alishukia huku. Mama aliyekuwa akiuza chakula jirani na karakana akaniletea michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, iliyochemshwa na karanga za kukaanga, akakataa malipo.

"Mtumishi halipi. Ila niombee pikipiki ya mume wangu, inazimika kila mlima."

Nilitaka kumwambia ukweli. Lakini nilikuwa na njaa, na michembe ilikuwa mitamu, laini kwa ndani. Nikaweka mkono juu ya tangi la pikipiki iliyoegeshwa hapo, nikaomba. Nikamshauri pia wasafishe kabureta. Akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja sana," na nikajisikia mwongo kwa mara ya pili juu ya gitaa lile lile. Kwa kweli hapo ndipo lilipoanza kunikera jambo jingine kabisa, ambalo si gundi.

Usiku nililala karakana juu ya maranda ya mbao. Alfajiri Bonifasi akafungua mipira. Tumbo limeshika. Shingo imenyooka, si kama rula, lakini inapigika. Akakaza nyuzi, akasubiri. Nyuzi zikashuka.

"Mimi nimemaliza," akasema. "Kinachobaki ni funguo, na funguo ni chuma. Nenda Katoro. Kule wanakereza vyuma vya migodini usiku na mchana."

Katoro, dhahabu yapimwa

Jumamosi, nilipofika saa tatu na nusu asubuhi, Katoro ilikuwa macho tangu kabla ya jua: bodaboda, vitenge vimetandazwa barabarani, spika tatu zinashindana kutangaza dawa ya panya. Niliketi ninywe chai, gitaa mapajani. Kijana mmoja aliyevaa koti la suti na kandambili akaja akasimama mbele yangu.

"Kaka, unauza?"

"Siuzi, ni la kwaya."

"Sisemi gitaa. Nasema hizo." Akaonyesha funguo kwa kidevu.

Alikuwa broka, wale wanaonunua dhahabu kwa wachimbaji. Anaitwa Deus. Nikamwambia ni rangi tu. Akanitazama kama mtu anayefichwa. Akasema huko kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji, watu wameficha dhahabu ndani ya soli ya kiatu, ndani ya mkate, ndani ya ugoro; ndani ya gitaa ndiyo kwanza anaona. Watu wawili wa meza ya jirani wakageuka, halafu watano. Nikaona nisipokubali kupimwa nitanyang'anywa gitaa mchana kweupe.

Mezani kwake alichomoa ufunguo mmoja, akausugua kwenye jiwe jeusi, ukaacha mstari wa njano. Watu wakasogea. Akadondosha tone la tindikali. Mstari ukatoa povu, ukawa kijani, ukapotea.

"Aaa!" watu wakasema kwa pamoja, wakatawanyika kwa hasira, kana kwamba niliwaahidi kitu.

Deus hakutawanyika. Alivaa lenzi yake jichoni, ile ya kutazamia punje, akachungulia ndani ya ufunguo. "Njoo uone, kaka. Hii si dhahabu, si shaba, hata chuma cha maana si. Ni ile bati ya kuyeyusha na kumimina, kama ya vigari vya kuchezea. Ona meno yake."

Nikachungulia. Kigurudumu kidogo, meno yake yamelika, yamekuwa mviringo kama ya bibi kizee.

"Uzi unavuta, meno hayashiki, unarudi nyuma," akasema. "Waliopaka hii rangi walijua kazi. Mwaka jana tu nililetewa punje ya namna hii, nikalizwa. Nani alichagua gitaa hili?"

"Mimi."

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo kwa sauti, na nililisema kwa mtu asiyenijua.

"Pole," akasema, akanipeleka nyuma ya soko kwa Fundi Lukas.

Fundi Lukas anakereza shafti za karasha, mashine zile za kusagia mawe ya dhahabu. Karakana yake ilitetemesha ardhi. Nikampa ufunguo kiganjani. Alicheka mpaka akazima mashine.

"Mimi nakereza chuma kinene kama paja lako, wewe unaniletea jino la panya! Siwezi. Hakuna Katoro nzima."

"Fundi, naomba. Jioni lazima niwe Chato."

"Wewe umesikia nimesema siwezi meno. Sijasema siwezi gitaa." Akafuta mikono. "Baba yangu alikuwa mpiga zeze, amecheza kwenye ngoma zote za Usukumani. Umewahi kuona zeze lina meno? Ni kigingi cha mti ndani ya tundu. Unasukuma, unazungusha, kinashika."

Akaenda kwenye lundo la sururu mbovu, akachagua mpini uliovunjika, mweusi kwa jasho la mikono ya watu. "Huu umekauka kabisa," akasema. "Umefanya kazi shimoni miaka."

Alikereza vigingi sita kwenye mashine ya chuma, vyembamba upande mmoja, vinene upande wa pili, huku wateja wenye shafti wakisonya. Karasha moja ilikuwa imesimama kwa ajili yangu, na mwenye karasha hakuacha kunikumbusha. Saa tisa alasiri, gitaa jekundu linalong'aa lilikuwa na vigingi vya mpini wa sururu kichwani. Lilikuwa baya mno.

"Usikaze sana," akaniambia. "Hizi nyuzi za chuma ni kali kuliko za zeze. Shusha sauti hatua mbili. Kikiteleza, paka chaki."

"Na kisiposhika?"

"Mkishike kwa mkono," akasema, akawasha mashine.

Chato, kutafuta pa kulala

Nilifika jua likiwa linaelekea kushuka, upepo wa ziwa unanipiga usoni. Niligusa nyuzi: zimeshapanda na kushuka zenyewe, kila mmoja kwa mapenzi yake, kwa sababu ubao ulikuwa unakunywa ule unyevu. Kiangazi cha Shinyanga kiliukausha, sasa ziwa linaujaza upya. Nikatamani kulitupa majini.

Nikaamua nitafute kwanza pa kulala, nijitulize, ndipo niwatafute wenzangu. Huo ni uongo. Nilikuwa naogopa. Gesti ya kwanza imejaa kwa ajili ya jubilei. Ya pili imejaa. Ya tatu dada wa mapokezi hata hakuinua kichwa: "Kaka, hata chini ya ngazi kuna katekista."

Basi nikaenda shule ya msingi iliyo karibu na kanisa, ambako kwaya zote za wageni zilipangiwa madarasa. Wetu niliwakuta wanakula ugali na sato. Shija akaniona, akasimama bila kunawa. Alishika gitaa, akapapasa tumbo, shingo, akafika kwenye vigingi.

Mama Anastazia akasema. "Shija! Gitaa ulilonunua limeota miti?"

Watu wakacheka. Shija akafungua kinywa, na nikajua kabisa atasema nini: atasema ndiyo, atabeba.

"Mama, shikamoo," nikawahi. "Hakununua yeye. Alikuwa na malaria. Nilinunua mimi. Palikuwa na zuri na baya, nikachukua lenye kung'aa. Shija hajala hata senti, na miezi yote hii amekubali mumseme ili nisisemwe mimi."

Mtu wa besi akaguna, "Ndiyo maana."

Mama Anastazia alinitazama tangu viatu. "Maduhu. Sisi tulimwita mwizi mtu mzima mbele ya watoto wake wa kwaya, na wewe unapita unasalimia?"

"Ndiyo, mama."

Hakuna aliyenitetea, na hawakutakiwa. Akamgeukia Shija, akapiga goti dogo la heshima, akasema, "Mwalimu, utusamehe." Nayo ikaisha hapo, kwa upande wa Shija. Akarudishiwa kwaya yake bila sherehe, kipande cha sato kikaongezwa kwenye sahani yake.

Tukajaribu wimbo. Sauti imeshuka hatua mbili: akina mama wa sauti ya kwanza wakafurahi, besi wakalalamika wanachimba kisima. Vigingi vitano vilishika. Cha sita, kila wimbo ukiisha, kikarudi nyuma taratibu kama mtu anayetoroka mkutano. Shija alichukua chaki kwenye ubao, akapaka. Kikashika kidogo zaidi, kikarudi.

"Kesho Maduhu atakaa nyuma ya mwalimu," Mama Anastazia akatoa hukumu. "Kila wimbo ukiisha, anakaza hicho kijiti. Misa nzima. Na asionekane anacheka."

"Sina pa kulala, mama," nikasema.

"Nani amekufukuza?"

Nikapewa mkeka wa mwisho, upande wa besi, chini ya ubao. Mlangoni, kwa rangi nyeupe, palikuwa pameandikwa Darasa la VII. Shija akalilaza gitaa kati yetu, akanirushia kile kipande cha chaki bila kunitazama. Nikakitia mfukoni, nikajinyoosha ndani ya darasa ambalo sikuwahi kulifikia.